NANI ATASHIKA PEMBE YA GODORO?

Neno la Mchungaji. Somo: Marko 2:1–12



Habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu mmeisikia mara nyingi, na watoto wa Shule ya Jumapili wanaweza kuisimulia bila kufungua kitabu. Lakini sisi watu wa Ugogo tunayo faida moja katika kuisoma. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya bati akifika pale panaposemwa kwamba wale watu walitoboa dari, hushangaa: watatoboaje paa bila kuleta maafa? Sisi twaijua tembe. Twajua paa lililolala sawasawa, ambalo mtu aweza kupanda juu yake akaanika mazao. Na twajua kazi ya kulitoboa: kwanza kuondoa udongo kwa jembe, kisha nyasi, kisha fito moja moja, na vumbi lote laangukia vichwa vya waliokaa chini.

Sasa niwaulize. Ni kitu gani kilichomzuia mtu yule asifike kwa Yesu? Wengi hujibu upesi kwamba ni kupooza kwake. Someni tena. Kupooza hakukumzuia, kwa maana alikwisha kufikishwa mpaka mlangoni. Kilichomzuia ni mkutano wa watu. Na watu wale hawakuwa wabaya; walikuja kusikia Neno, kama ninyi mnavyokuja kila Jumapili. Kila mmoja alishika nafasi yake akaelekeza uso wake ndani, na kwa sababu uso ulielekea ndani, mgongo ulielekea nje, kwa mgonjwa. Hapakuwa na aliyemfukuza. Walikuwa wamejaa tu.

Nimelichagua somo hili mwezi huu kwa sababu ya watoto wetu walio shuleni, na hasa wale wanaopata shida kuliko wenzao: asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, mwenye magongo, mwenye kifafa, na yule ambaye hana alama yoyote mwilini ila maandishi ya ubaoni humchanganya akili, akafika Darasa la Nne bado anasoma kwa kuunga silabi.

Mlango wa shule, tumshukuru Mungu, umefunguliwa zaidi ya zamani. Wazee wanakumbuka kwamba Kanisa letu lilianzisha Shule ya Wasioona pale Buigiri mwaka 1950, wakati ambapo mtoto asiyeona hakuwa na mahali pengine pa kujifunza kusoma. Watu walicheka, wakisema kipofu atasoma nini. Akasoma, kwa ncha za vidole. Baadaye mataifa yakaanza kusema kwamba watoto wa namna hii wasitengwe siku zote katika shule zao peke yao, bali wapokewe katika shule za kawaida pamoja na ndugu na majirani zao. Mwezi wa Juni mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, nchini Hispania, wakatoa tamko la kukubali jambo hilo. Hapa kwetu majaribio yalianzia Temeke mwaka 1998, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu apate elimu sawa na wengine. Hiyo ndiyo inayoitwa elimu jumuishi.

Basi, sheria imembeba mtoto mpaka mlangoni. Lakini ndani kumejaa.

Baada ya Ibada, siku moja, mama mmoja wa usharika huu alinisubiri mpaka watu wote wameondoka. Binti yake hutembea kwa magongo. Alikuwa ameacha shule muhula mzima, na mama alitaka nimwombee mtoto apate moyo wa kupenda masomo. Nikamwuliza kama walimu humpiga. Akasema hapana, mwalimu ni mtu mwema, amempa dawati la mbele karibu na mlango. Nikauliza kama ni mbali. Akasema si mbali. Nikauliza kama wenzake humtukana. Akanyamaza kidogo, akasema, “Hapana, Mchungaji. Hawamtukani. Hawamsemi kitu.” Ndipo akanieleza siku ya binti yake ilivyo. Kengele ya mapumziko ikilia, darasa lote hutoka mbio. Kufika kwake uwanjani, makundi ya rede yamekwisha kupangwa. Wakati wa uji, foleni imekwisha kuwa ndefu. Jioni watoto wa kijiji chao huondoka kwa kundi huku wakiimba, naye huwasikia wakienda mbele yake, sauti ikipungua mpaka haisikiki tena. Kila siku ya masomo, mwaka mzima. Mtoto huyu hakuhitaji kuombewa apende masomo. Alihitaji mtu wa kutembea naye.

Nikakumbuka habari nyingine ya Injili, nayo ni ya yule mgonjwa wa Yohana sura ya tano, aliyelala kando ya birika la Yerusalemu, mwenye ugonjwa wa miaka thelathini na minane. Bwana alipomwuliza kama anataka kuwa mzima, hakueleza juu ya ugonjwa. Alijibu kwamba hana mtu. Hana mtu wa kumtia majini, na kila akijaribu mwenyewe mwingine humtangulia. Wekeni habari hizi mbili pamoja: wagonjwa wawili ambao hawawezi kujisogeza. Mmoja ana watu wanne, naye yumo ndani ya nyumba kabla ya jua kuchwa. Mwingine hana hata mmoja, naye yuko hatua chache kutoka majini, na ugonjwa wake una miaka thelathini na minane.

Mwalimu hawezi kuwa watu wanne. Tusimtwike yasiyowezekana. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini humwona mtoto wakati wa somo, tena kwa kupitisha macho tu. Hayupo kwenye foleni ya uji, wala njiani jioni, wala kwenye kombolela. Huko wapo watoto peke yao, na huko ndiko mtoto anakoamua moyoni kama shule ni yake au si yake. Kwa hiyo watu wanne wa kumwingiza mtoto darasani hawawezi kutoka ofisini. Watatoka katika madawati yale yale.

Nataka niwaeleze jambo lililotokea mbali na hapa, kwa maana lina mafundisho kwetu. Katika mji wa Toronto, nchini Kanada, aliishi mwanamke aitwaye Judith Snow. Tangu utoto maradhi ya misuli yalimnyima nguvu za mikono na miguu, akaishi katika kiti cha magurudumu. Akili yake ilikuwa kali, akasoma mpaka chuo kikuu. Lakini kwa kuwa alihitaji kusaidiwa kwa kila jambo la mwili, na hapakuwa na mpango mwingine, aliwekwa katika makao ya kutunzia wagonjwa, naye bado kijana. Karibu na mwaka 1980 afya yake ikavunjika kabisa. Rafiki yake Marsha Forest, aliyekuwa mwalimu, hakungoja serikali. Aliwaita rafiki zake Judith wachache, wakaketi wakamzunguka, wakakubaliana kila mmoja atafanya nini. Wakajiita Kamati ya Yoshua, na kila aliyesoma habari za Yeriko ataelewa walitaka nini kwa kuta zilizokuwa mbele yao. Judith alitoka katika makao yale, akawa mwalimu na msemaji wa watu wenye ulemavu, akaishi mpaka mwaka 2015.

Marsha Forest na wenzake wakaona kwamba lililofaa kwa mtu mzima litafaa kwa mtoto shuleni. Wakaipeleka njia hiyo madarasani, ikaitwa duara ya marafiki, na katika miaka ya 1990 ikafika Nottingham, Uingereza, na kuenea huko. Si elimu ya gharama. Yahitaji karatasi, penseli na mtu mzima mwenye subira.

Huanza hivi. Chora duara ndogo katikati ya karatasi, andika jina lako. Izungushie duara nne, moja nje ya nyingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Katika duara ya kwanza andika wale unaowapenda mno na wanaokupenda, ambao huwezi kuishi bila wao. Katika ya pili, marafiki wa kweli. Katika ya tatu, wale mnaokutana kwa jambo fulani: kwaya, timu ya mpira, darasa. Katika ya nne, wale wanaolipwa ili wakuhudumie: mwalimu, mganga wa zahanati, na mimi mchungaji wenu nimo humo. Mtu mzima wa kawaida hujaza duara zote. Sasa mchoree mtoto mwenye shida. Ya kwanza ina mama, labda na bibi. Ya nne ina watu wengi, pengine wengi kuliko wa duara yako: daktari, mwalimu, mtu wa ustawi wa jamii. Ya pili na ya tatu ni nyeupe, hakuna jina.

Niliichora duara ya binti wa yule mama, yeye akinitajia majina. Tulipofika ya pili aliishika penseli muda mrefu, kisha akairudisha mezani.

Mwalimu afanyaye kazi hii huomba kwanza ruhusa ya mtoto mwenyewe na ya wazazi wake, kwani hakuna mtoto apendaye kusemwa mbele ya watu bila kujua. Kisha, mtoto akiwa hayupo darasani, mwalimu huwaambia wenzake wataje mema yake. Mema kwanza! Mara nyingi huwa mengi kuliko mwalimu alivyodhani: anajua hesabu, anachekesha, ana sauti nzuri, hasemi uongo. Ndipo huuliza mambo yanayomshinda. Kisha huwaonyesha karatasi yenye duara mbili tupu, bila jina, akawauliza: “Kama hii ingekuwa yako, ungejisikiaje?” Watoto hawana unafiki wetu. Watajibu kwamba wangelia, wangekasirika, wangepigana, wangetoroka shule. Na hapo wengine huanza kutazamana, maana wamekwisha kumwona mwenzao akilia, akikasirika, akipigana na kutoroka, nao walidhani ni tabia yake mbaya.

Mwisho huomba wa kujitolea, watoto sita au wanane. Watoto hao hukutana na yule mwenzao kila wiki, kwa nusu saa au pungufu, mwalimu akiwapo, wakaulizana: wiki hii lipi lilikwenda vizuri, lipi liliharibika, wiki ijayo tujaribu nini. Wanayoamua ni mambo madogo. Mmoja atamngoja mlangoni kengele ikilia. Mwingine atamshikia nafasi katika foleni. Wawili watatembea naye jioni kwa mwendo wake. Katika rede, wamebuni kwamba yeye arushe mpira na mwingine amkimbilie. Hakuna kamati ya watu wazima ambayo ingebuni jambo hilo la rede.

Yako mambo matatu ambayo lazima niyaseme, kwa sababu nimeona wema ukiharibika kwa kukosa busara. Watoto hawa wasiwe watumishi. Kama mmoja anasukuma kiti cha magurudumu kila siku mpaka anakosa somo la kwanza, huo ni uonevu, na wazazi wake watakuwa na haki ya kulalamika. Ndiyo maana walikuwa wanne na godoro lina pembe nne. Hakuna aliyebeba peke yake. Tena, asiyejiweza asifanywe kuwa mpokeaji tu. Yule binti anajua hesabu kuliko nusu ya darasa, na mwenzake akimbebea mkoba yeye amwelekeze sehemu na desimali. Urafiki wa kutoa upande mmoja ni sadaka, na mtoto hutambua upesi kwamba anapewa sadaka. Na la mwisho, marafiki si badala ya mwalimu aliyesomea kazi yake. Mtoto asiyeona bado anahitaji kufundishwa nukta nundu, na kiziwi anahitaji watu wanaojua lugha ya alama. Bila hayo kumweka katika darasa la kawaida ni kumweka gizani kati ya watu. Kwa ajili hiyo Buigiri bado ina kazi yake, na sadaka zetu kwa Buigiri zisipungue.

Wengine hudhani watoto hawana uwezo wa kazi ya namna hii. Mwaka 1978, kabla ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, Profesa David Morley, daktari wa watoto aliyefanya kazi Nigeria kabla ya kufundisha London, alianzisha na wenzake mpango ulioitwa Mtoto kwa Mtoto. Waliona kwamba katika nchi zetu dada na kaka ndio walezi wa wadogo zao mchana kutwa, basi wafundishwe wao. Katika vijiji vya milimani vya Mexico watoto wa shule walifundishwa kupima masikio ya wadogo zao kwa mchezo. Watoto wadogo hupangwa mstari, mkubwa mmoja husimama mbali kidogo na kutaja jina la mnyama kwa sauti kubwa, kisha mwingine kwa sauti ndogo, kisha ndogo zaidi, na kila mtoto husema alichosikia bila wengine kumsikia. Anayekosa ng’ombe, mbuzi na punda, huyo si mvivu. Hasikii. Wanamhamishia dawati la mbele, na wazazi wanaambiwa wampeleke hospitali. Nafikiri juu ya watoto ambao katika maisha yao walichapwa kwa “kutosikiliza” hali masikio yao yalikuwa na usaha.

Niseme kwa kirefu kidogo juu ya kifafa, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanapokimbia, nao wamejifunza kukimbia kutoka kwetu. Ni imani ya zamani sana kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza, kwa hiyo akianguka asiguswe. Kwa sababu ya imani hiyo wako watu wazima leo wenye makovu ya moto usoni na mikononi, ambao walianguka jikoni na waliokuwapo wakaogopa kuwatoa. Ndugu zangu, kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa kula sahani moja. Ni ugonjwa wa ubongo, na dawa zake zipo. Pale Mahenge, mkoa wa Morogoro, Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu watu wa kifafa karibu na mwaka 1960, na wengi waliokuwa wamefichwa majumbani walipata nafuu kwa vidonge vinavyomezwa kila siku bila kuacha.

Kila mtoto wa Darasa la Tatu aweza kufundishwa la kufanya mwenzake akianguka. Sogeza madawati na mawe asijigonge. Weka sweta chini ya kichwa. Legeza kola. Usimkandamize, wala usimtie kitu kinywani, si kijiko, si kijiti, si kidole. Mitikisiko ikipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke. Kaa naye mpaka atakapojua yuko wapi, na uwaondoe watazamaji. Mwalimu atazame saa. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali. Kisha, nguo zikiwa zimelowa, mmoja ampe kanga au sweta ya kujifunga bila kulitaja jambo hilo kwa yeyote.

Katika Marko sura ya tisa yumo kijana wa namna hii, aliyekuwa akiangushwa motoni na majini. Baada ya kutikiswa mara ya mwisho alilala kama maiti, na watu wengi waliokuwa pale walikwisha kusema amekufa. Yesu alimshika mkono, akamwinua. Alimgusa. Sijui mahubiri bora zaidi juu ya povu.

Sasa nageukia nyumbani, kwa maana mtoto hufika shuleni na maneno ya nyumbani kama anavyofika na mkoba. Tazameni jinsi lugha yetu inavyomtaja mtu na kitu kwa namna mbili. Mtu, mtoto, mwalimu, mgeni. Lakini kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kama kiti na kijiko. Sidai kwamba waliotangulia walikusudia dharau. Viziwi wenyewe wameweka neno hilo katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, na hiyo ni haki yao. Bali lipo tofauti kati ya neno mtu alilojichagulia na neno analotupiwa nyuma yake. Mnapokaa jioni mkamtaja mtoto wa jirani kwa ulemavu wake badala ya jina lake, mwanao anasikia. Mkisema nyumba ile ina laana, au kwamba baba yake alitafuta mali kwa mganga, mwanao anasikia, na kesho hatamshikia yule mtoto nafasi katika foleni, na hatajua kwa nini. Wanafunzi nao waliwahi kumwuliza Bwana nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake, hata akazaliwa asione. Bwana alikataa swali lenyewe.

Nimesikia pia swali la haki la wazazi: “Mchungaji, mwanangu ana mtihani wa Darasa la Saba. Akitembea polepole na mwenye magongo na kumwelekeza asiyejua kusoma, yeye hatabaki nyuma?” Wazazi, mwulizeni mwalimu yeyote lini alielewa vizuri somo lake. Atawaambia ni siku alipoanza kulifundisha. Mtoto anayemweleza mwenzake kutoa kwa kukopa hulijua jambo hilo mara mbili. Ama dakika ishirini za njiani, hizo angezicheza tu. Lakini sitawadanganya kwamba hakuna gharama kabisa. Wale wanne walipanda juu ya paa la mtu, wakachafuka, na pengine walitozwa gharama ya kulitengeneza, Marko hasemi. Neno moja analolisema wazi ni kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, watu wanne. Kama yule mgonjwa alikuwa na imani au la hatuambiwi, wala majina ya wale wanne hatuambiwi.

Siku ya Ubatizo kila mmoja wetu husimama pale kisimani, akajibu kwa niaba ya mtoto, na usharika wote humpokea. Hatuulizi siku ile kama mtoto ataona, atasikia au atatembea. Wadhamini wa ubatizo, nawasihi muulizane habari za watoto mliowasimamia: yupo shuleni? Anakaa na nani? Duara ya pili ina majina mangapi?

Baraza la Usharika limekubali yafuatayo. Jumapili ya pili ya mwezi ujao, mara baada ya Ibada ya Kwanza, walimu wa Shule ya Jumapili, Umoja wa Akina Mama, wadhamini na wazazi wanaopenda watakutana chini ya mwarobaini. Kila mtu aje na karatasi na penseli, tuchore. Mganga wa zahanati amekubali kuja kueleza habari za kifafa, na watoto wa Darasa la Tatu na kuendelea wanakaribishwa wajaribu wenyewe kumlaza mwenzao ubavu. Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya msingi amealikwa, naye amesema atakuja na walimu wawili. Mzazi mwenye mtoto asiyekwenda shule kwa sababu yoyote, na asiyependa kusema mbele ya watu, aje kwangu au kwa Katekista siku ya Jumatano alasiri.

Binti wa yule mama ataimba na kwaya ya watoto siku hiyo. Watakaokuja kwa magongo au kwa kiti cha magurudumu watumie mlango wa upande wa sakristia. Mafundi wanamalizia kuondoa ile ngazi.

Wenu katika Bwana,
Mchungaji wa Usharika